Mwalimu Séraphine na Mchezo wa Tafadhali

Mwaka umeshazunguka, Mama, tangu presha ikuangushe jikoni ukiwa bado umevaa aproni, usiinuke tena, na nyumba hii ya Kisugu haijatulia. Sisi wanao tulidhani tungeandika haya ya kukukumbuka tumekaa mezani kama watu wenye adabu. Wapi! Aol anaandika amesimama, Gradi anachungulia begani kwake na kumkosoa, na Baba anaingia na kutoka kana kwamba kuna gari linamngoja nje.

Baba ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Afande Kidega, mtu aliyeweza kulinda geti kutwa nzima bila kuhama, siku hizi hamalizi hata kikombe cha chai. Anakwenda soko la Kalerwe kununua mboga, anarudi na vitunguu peke yake, anageuza tena. Ukimwambia apumzike anakuja juu: "Nipumzike nini? Darasa la mama yenu linakufa, mimi nilale?"

Maana hilo ndilo lililomnyima raha: darasa lako la Kiswahili la Jumamosi, kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Wazee wa kanisa wamevumilia, lakini kwaya inatafuta mahali pa mazoezi, na Mchungaji Guerschom alisema waziwazi: watoto wakizidi kupungua, chumba kitapewa kwaya.

Wewe hukuijua shida hiyo. Watoto walikuwa wakigombea mlango! Wa Kikongo wenzako, wenye Kiswahili cha nyumbani kisichotosha mtihani, na wa kambi ya polisi, ambao wengine hawakujua hata kuomba maji. Ukawa unawafunga kitambaa machoni, unawaingiza mkono ndani ya gunia lenye kitu: taja sifa zake kwanza, jina baadaye! Kizito. Kina mikunjo. Kina nywele! Na kelele zikianza, wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Mwalimu Erinayo wa shuleni kwenu alikwambia unapoteza muda, maneno huandikwa ubaoni yakanakiliwa, basi. Ukamjibu, "Ya kunakili yanabaki kwa daftari. Mimi nataka yabaki kwa mikono na magoti."

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa tafadhali. Unatoa amri: inua mguu, chuchumaa, geuka, nong'ona. Ikitanguliwa na "tafadhali", mtoto anatenda. Isipotanguliwa, anabaki alivyo, na anayetii ametoka. Siku moja Baba alikuja kukuchukua akiwa na yunifomu, ukamgeukia pale mlangoni: "Simama wima!" Buti zikagongana, pwaa! Watoto walivunjika mbavu. "Baba Aol, umetoka!" Tangu hapo akawa anakuja kila alipopata nafasi, na kila alipocheza alikuwa wa kwanza kutoka. Amri ilimwingia miguuni kabla haijafika kichwani.

Wengi walidhani ni mchezo wa kujifunza vitenzi tu. Sisi watoto wako ulitueleza siku moja ukimenya matoke, Baba akiwa kazini. Ulisema wadogo wale wa Kongo walikimbia kwao na amri za Kiswahili masikioni, amri za watu wenye bunduki. "Nataka wajue kwamba neno la kupigiwa kelele, mtu anaweza kulikataa." Halafu ukaomba upewe kisu kingine, hicho kilikuwa butu.

Kwa hiyo Baba alipolishika darasa, alilishika kwa njia anayoijua. Aliwapanga watoto mistari, akaandika maneno ubaoni, akawaimbisha. Walipoanza kusinzia, akakumbuka mchezo wako bila kujua maana yake. "Lala chini!" alinguruma. Princesse, yule mdogo wa Kongo anayeishi na shangazi yake, akalala kweli. Akajikunja chini ya benchi, mikono kichwani, na hakutoka mpaka shangazi alipoitwa. Jumamosi iliyofuata viti vingi vilikuwa vitupu, na Mchungaji akaanza kupima ukuta kwa macho.

Mama, tulimkasirikia. Aol alimwambia yote uliyotueleza, tena kwa sauti ambayo binti hamtolei baba yake. Baba akavua kofia pale uani. Akasema, "Yule mtoto nimemlalisha mimi. Mimi mwenyewe." Asubuhi yake akavaa shati la kanisani, akaenda kupiga hodi kwa shangazi.

"Mama, mimi hapana mwalimu," alimwambia. "Nimekosea mtoto wako. Naomba aje, yeye ndiye atoe amri. Mimi nitacheza."

"Na akikataa?"

"Akikataa, nitarudi kuomba tena."

Jumamosi iliyopita Princesse alikuja, ameshika sketi ya shangazi yake. Wachache waliobaki walikuwepo, na sisi tulisongamana mlangoni pamoja na Mchungaji. Mtoto akapanda benchi. Mwanzoni alinong'ona: tafadhali, inua mkono. Baba akainua. Tafadhali, ruka. Afande mzima akaruka, funguo zikamwagika, watoto wakaanza kuchekacheka.

Halafu Princesse akamtazama Baba, akapaza sauti: "Lala chini!"

Magoti ya Baba yalianza kupinda kwa amri, tuliyaona. Lakini hakulala.

"Nimesema, lala chini!" Sauti ikampasuka. Akawatazama waliokuwa chumbani mmoja mmoja, na wote walikuwa wamesimama. Ndipo akacheka, Mama, akacheka mpaka shangazi yake akajifunika uso kwa kitenge na kulia. Mchungaji akajikohoza, akasema kwaya itaimbia uani.

Hakuna aliyelala chini. Hata Baba.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kidega. Wanao Aol na Gradi. Mdogo wako Olivia aliyeko Bukavu. Mama mkwe wako Alum kule Kitgum, anayekuombea kwa Kiacholi kila jioni. Na watoto wote wa Jumamosi. Siku zote utakuwa mawazoni mwetu, Mama Séraphine. Kukusahau hatujui kunafanywaje.