Magunia ya Uzi Mwekundu Yamefika, Gaude

Ghalani Malangali, Sumbawanga

Gaude, mshikaji wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana nilikushusha kaburini kwa mikono yangu, na kwa taarifa yako kamba ya upande wangu ndiyo iliyoshuka sawasawa. Upande wa binamu zako uliyumba. Hata padri aliona.

Nakuandikia kwenye karatasi. Najua ungecheka mpaka ukohoe: Festo wa kidato cha pili, juu ya magunia ya mahindi, na kalamu mkononi. Wewe msomi wa chuo cha Mbeya ulisema karatasi ni chakula cha panya. Sawa. Panya wakiila hii, angalau watakuwa wamepata kitu kizuri cha kusoma.

Sikiliza sasa, maana nina hasira na nina sifa za kujipa, na vyote viwili vinakuhusu.

Matanga yako yalikuwa hayajaisha, watu wakaanza kusema kile kitu chako cha kwenye simu, cha kuandikia magunia ya ghala, kimekufa na mwenyewe. Mama Skola, mwenyekiti wetu wa kikundi na mwenye funguo za ghala, alisimama mlangoni na kipande cha chaki. Akasema turudi ukutani. Ukutani, Gaude. Kwenye vile vijiti vya chaki vya kuhesabia magunia, vinavyofutwa na mgongo wa kila kibarua anayeegemea kupumzika. Nikamwambia, "Mama, aliyekufa ni Gaude. Simu hazijafa." Akasema, "Wewe Festo mdomo wako hauna kufuli." Nikamjibu kwamba funguo zote anazo yeye. Alinitafutia kitu cha kunirushia, bahati nzuri mkononi kulikuwa na chaki tu.

Lakini nisimwonee. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilitoka Ilemba.

Uliposhuka kule bondeni kupokea mahindi kwenye kistoo cha kikundi, ulifanya kama siku zote. Uliingiza kila familia na magunia yake kwenye simu. Mtandao kule hakuna, ila hilo halikukusumbua, maana ndivyo ulivyokitengeneza kitu chako: kinaandika bila mtandao, kinatunza, ukipanda huku juu mjini ukakifungua kinapandisha chenyewe, na simu zetu zote zinaona. Tatizo ulipanda na homa. Ulipita nyumbani kama mgeni, ukaenda hospitali, na simu ikazima ndani ya mfuko wa koti bila kufunguliwa tena.

Siku tunakuzika, Fuso likaleta magunia ya Ilemba. Sisi wote tulikuwa makaburini. Yakashushwa na vibarua wa kuokota barabarani, wakayapanga wanavyojua wao. Na mwaka huu, kama shetani kapanga, duka la Ilemba liliishiwa nyuzi za rangi nyingine. Bibi Anasta kashonea uzi mwekundu. Mzee Kalisti kashonea uzi mwekundu. Lundo moja, wekundu juu ya wekundu.

Mahindi ya Bibi Anasta unayajua. Yule mama anakausha mpaka punje inalia ukiitafuna. Mzee Kalisti yeye anapukuchua yakiwa bado na maji, halafu anamlaumu Mungu kwa ukungu. Sasa Mzee Kalisti akagusa magunia makavu akasema ni yake. Sidhani alikuwa anaiba. Kila mtu akishika mahindi mazuri anaona yamefanana na ya kwake. Kikao kikasema basi wagawane nusu kwa nusu, makavu na mabichi, na kuanzia hapo tuachane na mambo ya simu, kwa sababu kitu kinachokufa na mwenyewe si cha kikundi. Mama Skola akasema watakata shauri Jumamosi. Bibi Anasta alikuwa amepanda kwenye lile Fuso na mzigo wake. Alikaa nje kwenye jiwe, amejifunika khanga kichwani kwa baridi yetu hii ambayo watu wa bondeni hawaijui, hakutaka kugombania magunia. Nilimpelekea uji wa ulezi. Akaniuliza, "Na yule kijana mrefu aliyeandika mahindi yangu yuko wapi?"

Unafikiri nilimjibu nini? Mimi, ninayejibu kila mtu? Nilimwambia anywe uji kabla haujapoa.

Hapo ndipo nilipokataa. Nilikataa kama punda katikati ya njia. Kwa sababu ile habari ya nyuzi ilikuwa wazo langu, na usijifanye umesahau huko uliko. Wewe ulikuja na stika zako za mistari myeusi, za kupigwa picha na simu, kama tuko bandari ya Dar. Zilidumu mpaka vumbi la kwanza. Mimi ndiye niliyekwambia: weka rangi ya uzi, watu wa huku wanaujua uzi wa jirani kuliko jina lake la ubatizo. Mtu akiwa kule kwenye mzani anatazama mdomo wa gunia anakwambia huu mshono wa nani. Ukanitazama na ule uso wako wa kuonewa, jioni yake rangi zikawa ndani. Ukaweka na sehemu ya maoni chini kabisa, ukasema ni ya kuandika yale ambayo rangi haisemi. Mimi niliitumia kuandika nani kaja ghalani amelewa.

Nakumbuka pia ulivyonishika nilipobisha kwamba kitu cha intaneti hakiwezi kukaa bila intaneti. Ulinipeleka kona ya nyuma, kule mabati yanakokula mtandao wote. Ukasema, "Festo, soma kwanza, bonyeza baadaye." Nikasoma. Nikabonyeza. Ikaandika. Tukatoka nje juani, ikapandisha yenyewe mbele ya macho yangu. Nilikwambia ni kawaida tu. Haikuwa kawaida. Sikulala vizuri kwa furaha, na hilo nakwambia sasa kwa sababu huwezi kunisimanga.

Basi nikaenda kwenu kuomba simu. Mama yako akaniambia nimechelewa. Asubuhi ile walikuwa wameanua matanga na kugawa vitu vyako, na simu ilimwangukia baba yako mkubwa Silvesta wa Kasanga. Na mzee alikuwa ameshaipeleka sokoni kwa fundi ifutwe yote iwe mpya, maana, alisema, mtu hatembei na mambo ya marehemu mfukoni.

Gaude, nilikimbia. Wewe uliyekuwa unasema nina mbio za bata, ungeniona.

Nilimkuta fundi ameshachomeka waya. Nikaweka mkono juu ya simu, nikainama, nikasema, "Baba mkubwa, shikamoo." Unajua ujanja wake? Mzee hawezi kukufokea kabla hajakuitikia. Akasema, "Marahaba," na katika ile marahaba mimi nikachomoa waya. Akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamwambia wa ghalani. Nikamwambia ndani ya simu hiyo kuna kazi ya mwanao haijafika nyumbani, anipe muda wa chai moja, nikishindwa nitaifuta mimi mwenyewe. Akanitazama sana. Akasema, "Chai unalipa wewe." Nikalipa, na maandazi juu. Akaomba lingine, mzee wa watu.

Mchoro wa kufungulia simu niliujua. Ulikuwa unauchora mbele yangu kila siku ukidhani sioni. Naona kila kitu, bwana. Picha ya ghala, ile ya kufungulia kitu chako, ilikuwa palepale kwenye kioo, ulipoibandika, katikati ya picha za mama yako na picha zako mwenyewe ambazo zilikuwa nyingi kupita sura uliyonayo. Nikaifungua. Laini yako ilikuwa haina bando, lakini ikafunguka, na ndani yake Ilemba yote ilikuwa imekaa inasubiri. Nikairushia intaneti kutoka simu yangu. Kale kaduara kakaanza kuzunguka.

Nilisoma kwanza, Gaude. Sikubonyeza kitu. Nilikaa nimeishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Kule ghalani simu ya Mama Skola ikalia. Mimi sikuwepo, ila vibarua wamenisimulia kila mmoja kwa namna yake, na wote wanakubaliana kwamba mama alisoma kwa sauti, "Gaude ameingiza mzigo, Ilemba," akapiga ishara ya msalaba, akakaa juu ya mzani. Ikalia tena. Gaude ameingiza mzigo. Ikalia tena. Mlinzi akatoka nje akasimama mbali, akasema yeye aliajiriwa kulinda mahindi tu.

Nilipofika, baba mkubwa nyuma yangu, wengine walikuwa bado wako nje kwa hofu. Nikaishika simu yako nikawasomea maoni yako mbele ya kila mtu, mbele ya Bibi Anasta na Mzee Kalisti. Uliandika: "Wote wawili uzi mwekundu. Anasta anafunga fundo kwa mkono wa kushoto, mkia wa uzi unaangalia kulia. Kalisti kawaida. Festo atabisha. Asibishe, aangalie."

Pale nilijifuta uso na shati. Nilisingizia vumbi la pumba. Kila mtu alikubali ni vumbi.

Halafu nikabisha. Ulitaka nini? Nikamchukulia Bibi Anasta shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kipande cha uzi, nikamwomba ashone mbele yetu. Akatoa mkono chini ya khanga. Wa kushoto. Akafunga, akakata kwa meno, na mkia wa uzi ukaangalia kulia kama ulivyosema. Hapo hatukuhitaji kikao. Mzee Kalisti akavua koti, akawa wa kwanza kubeba magunia ya Bibi Anasta kuyapanga upande wake. Alisema tu, "Kumbe makavu hayakuwa yangu." Nikamwambia mwakani ayaanike. Mama Skola akanitazama, ila hakunitafutia cha kunirushia. Chaki aliitoa mfukoni akawapa watoto wa jirani wakachoree barabarani.

Baba mkubwa kaondoka na simu. Kakataa kuifuta. Anasema atakaa nayo hivyohivyo, kule Kasanga atawaonyesha wenzake wa maboti.

Mama yako mzima. Nampelekea migebuka, samaki wa ziwani, ikija, yeye anasema nakula nusu njiani. Ni uongo. Robo.

Jana Mama Skola kaniambia, kwa upole, kwamba sasa mimi ndiye nitakayeshuka Ilemba kila msimu, na kwamba kwenye orodha ya watumiaji jina lako litolewe, maana hutumii tena. La kwanza nimekubali. La pili nimemwambia hapana. Akaniuliza hapana kwa nani. Nikamwambia hapana kwake, hapana kwa homa ya bondeni, na hapana kwa kifo chenyewe kama anakipigia simu. Jina lipo juu ya langu, ingawa kwa uzuri wa kazi lilitakiwa liwe chini.

Ahadi yangu ni hii. Nitashuka na chandarua, si kama wewe. Nitaandika kila uzi na kila fundo, mtandao uwepo usiwepo, na nikipanda juu nitafungua simu kabla ya kunywa maji. Hakuna mzigo wa mtu utakaokwama mfukoni mwangu. Na mwenye kutaka kuturudisha ukutani atanikuta nimeuegemea huo ukuta, na mgongo wangu ni mpana.

Lala sasa, msomi. Mimi nina Fuso linashusha.

Pale chini ya maoni yako kulikuwa na nafasi ya kujibu. Nimejibu: "Nimeangalia. Ni kushoto. Usizoee."

Festo