Mfarishi wa Nyumba Mia

Machi 3, 1993

Mwanangu Caiping,

Nakusalimu wewe na hilo tumbo lako. Mimi sijambo, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Miguu bado inavimba? Mayai unakula?

Mfarishi wa mtoto nimemaliza kuushona, kipande kimoja kutoka kila nyumba. Nyumba mia, mwanangu! Kijiji chetu kina nyumba sitini na mbili. Zilizobaki nimezifuata kwa miguu mpaka ng'ambo ya korongo. Kila mlango nilisema, "Caiping wangu anatarajia, naomba kitambaa na neno la heri." Babu Qiao, yule kipofu, alikata upindo wa koti lake akasema mtoto aishi mpaka achoke mwenyewe. Mke wa Mancang alinipa kipande cha chupi ya mumewe. Nikamwambia, "Wifi, mtoto atalala na hii usoni!" Tulicheka, kisha akakata nguo yake ya harusi.

Nimempa dereva wa trekta akuletee.

Mama yako


Aprili 19

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vidole vimepona? Nilijifungua tarehe 8, mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Usishangae hukuletewa mayai mekundu ya kutangaza uzazi. Mama mkwe hakupaka rangi hata moja.

Mfarishi ulifika. Mama mkwe aliupapasa, akausifu mshono, kisha akaufungia sandukuni. "Huu ni wa mjukuu wa kiume," akasema. Mke wa kaka yake mume wangu ana mimba ya miezi saba, na mpiga ramli kasema ni dume. Wangu nimemfunika koti kuukuu la baba yake. Nilimwomba Yonggui azungumze na mama yake, akanijibu, "Matambaa tu hayo, tusigombane."

Mama, usikasirike. Mwezi wangu wa uzazi haujaisha, hata nje sitoki. Nitafanya nini?

Mwanao, Caiping


Aprili 28

Caiping,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi si mzima na sitaki kujifanya. "Usikasirike"! Nimekasirika mpaka nimeipiga ndoo teke.

Matambaa? Muulize mumeo kama amewahi kusimama mlangoni kwa mtu akiomba. Watu wale hawakutoa kwa ajili ya kilichopo katikati ya miguu ya mtoto. Walimpa mtoto wa Caiping! Mama mkwe wako akitaka mfarishi wa mjukuu mwingine, miguu anayo, aende akaombe. Kumfunika mwingine kwa heri alizoombewa wangu ni wizi, na nitausema mbele ya kijiji chake kizima. Wanawake kumi na mmoja wako tayari. Mtoto akitimiza mwezi tunakuja, kila mmoja adai kipande chake. Mke wa Mancang ananoa mkasi.

Na wewe je? Sikukulea uwe bubu.

Mama yako


Mei 4

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Waambie wanawake wasije.

Leo asubuhi mtoto alianza kupiga chafya. Nikaomba mfarishi. Mama mkwe hakuinua hata uso. "Wa kike hafi kwa baridi," akasema, akaendelea kumenya karanga.

Nilichukua nyundo ya makaa nikavunja kufuli mbele yake. Akapiga kelele za mwizi, majirani wakajaa uani. Nikawaonyesha, mtoto begani: hiki cha Babu Qiao, hiki cha mke wa Mancang, hiki mama yangu alivuka korongo kukiomba. Nikawauliza mwizi ni nani. Mama mkwe alinigeukia mimi, akasema kuanzia kesho mwenye mikono hii halali tena chini ya paa lake. Nikamwambia vema.

Mwezi haujatimia, najua. Utanigombeza nikishafika. Barua hii anakuja nayo dereva wa trekta. Sisi tuko kwenye basi la kesho asubuhi. Mtoto amelala ndani ya mfarishi wake, pua tu ndiyo inaonekana. Yonggui amekaa kizingitini, anatazama viatu vyake.

Washa moto chini ya kitanda cha matofali, Mama, kipate joto. Tunakuja wawili. Huyo wa tatu akimaliza kuvitazama viatu, njia anaijua.

Mwanao, Caiping