Baba, Ni Wewe Uliyefungua Ile Milango

Mpendwa Baba,

Mhariri wangu amenipa ukurasa mzima wa kusahihisha kosa, akitarajia aya mbili za kuwaomba wasomaji radhi. Nimemwambia wasomaji watangoja kidogo. Wa kwanza kuombwa radhi ni wewe, na kwa kuwa kosa nililifanya hadharani, barua hii nayo iwe ya hadharani. Utanivumilia kwa kuanika mambo yetu ya nyumbani.

Siku ulipohamia kwangu Kabiro, huku Kawangware, msumeno ulikuwa umekula vidole viwili vya mkono wako wa kushoto, na karakana yako ya Soweto West ulikuwa umemwachia jirani. Ulikuja na begi moja, randa imefungwa kwa gazeti, na viti viwili ambavyo sikuwa na mahali pa kuviweka. Ukasimama katikati ya chumba, ukatazama pazia linalotenga kitanda, ukatazama runinga, halafu ile mashine yangu ya michezo chini yake. "Hii ndiyo kazi?" ukaniuliza. Nikakueleza kwamba kazi yangu ni ile ya saiba, kuwachapia watu barua na kuwajazia fomu. Hii ya michezo ni ya wikendi: nacheza, halafu naandika kama mchezo ni mzuri au mbaya, na jarida moja la mtandaoni linachapisha. Ukafikiri. "Kwa hivyo wewe unatafuta makosa." Nikasema ndiyo. "Hiyo umetoa kwa mamako," ukasema, na tukacheka wote wawili, maana mama alikuwa hivyo kweli, Mungu amlaze pema.

Nikiwa naungama, niungame yote. Nilihama Soweto West kwa sababu ya mlango wako. Kila mwezi kulikuwa na mtu kutoka nyumbani Vihiga, amebeba begi, anatafuta kibarua, na kabla hajamaliza kusema hodi ulikuwa umeshamkaribisha. Nilisomea mitihani nikiruka miguu ya watu waliolala sakafuni. Mmoja aliondoka na redio yetu. Nilipokasirika, ulisema tu, "Alibisha vizuri. Sasa mimi ningejuaje?" Nilikuwa na miaka kumi na saba na nikaapa kwamba nikipata chumba changu, kitakuwa na komeo mbili. Kikawa nazo. Wewe ulizikuta.

Sasa nije kwenye ule mchezo, ambao wewe, nimekuja kujua, uliuita "ile ya meli". Wasomaji wa jarida wanaujua, lakini wewe hukuwahi kusikia nikiueleza kwa utulivu, kwa hivyo acha nijaribu. Kuna chombo kikubwa kinachosafiri mbali sana na jua. Ndani yake mna watu saba na kapteni, na kapteni ni wewe unayecheza. Kitu fulani kimeingia kwenye mabomba ya hewa, hakionekani, ila kinaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Kinakuja mlangoni, kinabisha, kinaongea kwa sauti ya mpishi au ya fundi mitambo, kinaomba kufunguliwa. Wakati mwingine ni mpishi kweli. Unaamua wewe, na mchezo unakumbuka ulichoamua. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwamba unakumbuka.

Wahakiki wa kwingineko waliusifu sana. Walisema hofu yake haitokani na damu wala meno, inatoka kwenye sikio. Wachache walinung'unika kwamba kapteni anatembea polepole mno, na kwamba miisho yake mingine inafanana. Lakini wote walikubaliana kwamba hakuna chaguo lililopotea bure.

Mimi niliucheza Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, wikendi tano. Sikufungua mlango hata mmoja. Sauti zililia nje, nami nikanywa chai yangu. Lakini nikirudi Jumamosi iliyofuata, mambo yalikuwa shaghalabaghala. Nilijikuta niko mbele ya pale nilipoachia. Mabaharia wangu walinishika koo: "Kapteni, kwa nini ulifungua?" Nusu ya chombo ilikuwa imeshaingiliwa. Halafu mpishi, ambaye nilikuwa nimemfungia nje kwa mikono yangu mwenyewe, alikuja kunishukuru kwa machozi kwamba nilimwokoa. Kwanza nililaumu stima, kwa sababu Kabiro stima ikikatika ghafla mashine huchanganyikiwa. Stima ilipokaa wiki nzima bila kukatika na mambo yakawa yaleyale, nikaulaumu mchezo.

Niliuponda, Baba. Niliandika kwamba mchezo huu haumsikilizi mchezaji, kwamba unaruka sehemu zake wenyewe, kwamba unakulaumu kwa usiyoyatenda na kukushukuru kwa wema ambao si wako. Niliandika kwamba wahakiki wa huko nje wanasifiana tu. Ulikuwa uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kuandika, na kwa siku kadhaa nilitembea Kawangware nikijiona shujaa, mtu peke yake aliyethubutu kusema.

Kisha majibu yakaanza. Msomaji mmoja aliandika kwa upole, "Dada, labda kuna mtu mwingine anacheza ukiwa umetoka?" Nilimjibu kwa kejeli kwamba ninaishi na mzee wa miaka sitini na minane ambaye hajui hata kuwasha hiyo runinga. Jibu hilo bado liko pale mtandaoni. Watu arobaini hivi walilicheka pamoja nami. Nilipopita Olympic, kwenye kile kibanda cha michezo nilikojifunzia kucheza, vijana walinizunguka. "Manze, sisi iyo game ilituskiza fiti," mmoja akaniambia. "We ulicheza gani?" Niliwaambia wao ni washabiki na mimi ni mhakiki, na hizo ni kazi mbili tofauti. Aibu ninayoona nikikumbuka sentensi hiyo siwezi kukueleza.

Jioni ya siku uhakiki ulipotoka, nilikusomea tukila ugali na mrenda. Nilikuwa nautafsiri huku nikisoma, nikiongeza chumvi. Uliacha kula. Ulisikiliza hadi mwisho, mkono wenye vidole vitatu umelala mezani, halafu ukaniuliza, "Umesema ni mbaya kwa sababu milango ilikuwa imefunguliwa?"

"Nimesema ni mbaya kwa sababu sikuifungua mimi."

"Na huwezi waambia wangoje kwanza?"

"Baba, hii si kiti. Ikishatoka imetoka."

Ulisukuma sahani kando. Nilidhani umechoka.

Kesho yake asubuhi, nikifunga viatu kwenda saiba, ulisema, "Mama, kuna kitu nataka tuongee, ni juu ya hiyo mashine yako." Uliniita Mama kila siku kwa sababu nina jina la mama yako, lakini asubuhi hiyo ulilitamka taratibu, nami nilikuwa nimechelewa. Nikakujibu bila kugeuka, "Usiiguse tu, Baba. Ni hiyo tu nakuomba." Ukasema, "Sawa." Nikatoka.

Hukuligusia tena jambo hilo. Na mashine hukuigusa tena.

Ulipougua mwaka huu, uliugua haraka, na tulikupeleka nyumbani Vihiga ukiwa kwenye sanduku ambalo ungelitafutia makosa, kwa maana misumari yake ilionekana. Niliporudi Kabiro, Mama Ciru mwenye ploti tunayopanga alikuja kunipa pole. Alileta chai kwenye chupa, akakaa kwenye kimojawapo cha viti vyako, akaitazama runinga muda mrefu. Halafu akasema, "Sasa hiyo meli nani ataendesha?"

Nikamuuliza meli gani.

"Wee, kumbe hukuwa unajua? Mzee alikuwa anacheza hiyo kitu yako kila siku ukienda job. Mimi nikimaliza kuanika nguo naingia, namsomea Kizungu, yeye anafinya. Vidole hazikuwa zinatosha, anaweka hiyo padi kwa goti hivi." Akanionyesha. "Nilikuwa namwambia, mzee, usifungue, hiyo ni shetani inaongea na sauti ya mtu. Ananiangalia, ananiuliza, 'Na kama ni mtu?' Anafungua. Kila mtu anafungulia."

Nilikaa kitako sakafuni. Sikulia wakati huo. Nilianza kuhesabu kichwani: mpishi, fundi mitambo, yule daktari mwenye kikohozi. Wote niliowafungia Jumapili, wewe ulikuwa umewafungulia Jumatatu. Mchezo ulikumbuka kila kitu sawasawa, changu na chako, ukajitahidi kutufanya kapteni mmoja. Mchezo ulifanya jambo gumu na ukalifanya vizuri, na mimi nikauita takataka mbele ya watu.

Nikamuuliza Mama Ciru kwa nini hukuniambia. Akashangaa. "Si alisema utakasirika? Alisema anataka tu kujua huwa unaenda wapi wikendi. Ati uko hapo kwa kiti na haupo." Hilo ndilo lililoniliza.

Baba, ulikuja kunitafuta mahali nilipokuwa. Na uliponibishia ile asubuhi, mimi sikufungua. Nimekuwa nikitafuta namna nyingine ya kulisema jambo hili, ya kunipunguzia kidogo, na haipo. Naomba unisamehe.

Kwa wasomaji, masahihisho ni haya. Uhakiki wangu ulikuwa wa mchezo uliochezwa na watu wawili, mmoja asiyefungua mlango na mmoja asiyejua kuufunga, na mhakiki hakuwa na habari. Kila nilichokiita kosa kilikuwa ni jibu sahihi la mchezo kwa baba yangu. Kapteni kweli anatembea polepole, hilo silirudishi nyuma. Yule msomaji aliyeniuliza kwa upole, nimemwandikia. Na wale vijana wa Olympic nilikwenda mwenyewe. Walinicheka hadi mmoja akakaa chini, kisha wakainuka kunipa mkono nilipowaambia mzee hayupo tena. "Pole sana, sista," akasema yule wa siku ile. "Lakini budako alikuwa anacheza noma."

Bado kuna jambo moja sijakuambia. Wiki moja baada ya Mama Ciru kunieleza, niliwasha mashine kutazama michezo iliyohifadhiwa. Chini ya mchezo wangu, ule niliokwisha kuumaliza, kulikuwa na mwingine. Kumbe nilipomaliza wangu, wewe ulianza wako, kuanzia mwanzo, peke yako, bila mimi wa kukuvurugia. Ulikuwa umefika mbali. Ulikuwa umesimama ndani ya mlango wa chumba cha mitambo na kulikuwa na mtu anabisha.

Nilimwita Mama Ciru. Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nguo za ploti nzima ziko kwenye kamba. Alikuja na miwani yake, akakaa mahali pake. Ile sauti ilikuwa ya fundi mitambo, anasema kumeingia baridi, anasema tafadhali. Mimi nimecheza michezo ya aina hii miaka mingi, Baba, na nilijua. Kulikuwa na pengo dogo kati ya maneno, kama mtu anayejifunza lugha. Nikamwambia Mama Ciru, "Huyu si mtu."

"Hata yeye alijua," akasema. "Siku ya mwisho alisikia, akaniambia, hii sauti si nzuri. Alisema atafungua kesho, tunywe chai kwanza."

Kesho yake ndiyo ile asubuhi yetu, niliyokuambia usiiguse mashine.

Nikafungua. Haikuwa mtu. Chombo kikazimika taa moja baada ya nyingine, Mama Ciru akajifunika uso kwa leso, na kapteni wako akaanguka kizingitini. Ungeweza kusema nimekuharibia mchezo. Mama Ciru alipofunua uso alitikisa kichwa na kusema, "Angefungua tu."

Mchezo huu ukiisha huandika mstari mmoja juu ya kapteni, kulingana na yote aliyochagua. Niliomaliza mimi uliniandikia kwamba hakuna aliyejua kapteni alikuwa mtu wa namna gani, nami nikaunukuu kama ushahidi wa upuuzi. Wako ulichukua muda kutokea. Mama Ciru alirekebisha miwani, akausoma kwa Kizungu kwanza, halafu akautafsiri polepole, kama alivyozoea kukufanyia: Kapteni huyu hakumwacha mtu yeyote nje.

Akaniuliza kama ni wewe umeandikwa hapo. Nikamwambia ndiyo, huyo ni baba yangu.

Pumzika vizuri,

Binti yako.