Sitini na Tano kwa Chaki

Ndani ya gari la Baba,
uani kwa fundi bodi,
Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Dada mpendwa,

Betri ya kwanza nimeshaijaza maji, ya pili inasubiri. Nikaona niandike kwanza, maana mikono ikishika kitu kingine haitarudi kwenye kalamu. Gari limewekwa juu ya matofali, mbele kushoto halina gurudumu. Nimekaa nyuma, kwenye kile kiti cha wateja wa miwani. Ule ubao wa herufi bado unaning'inia mbele yangu. Mstari wa mwisho kabisa nausoma bila shida.

Habari za huko? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, meno yameshatoka? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakula kidogo. Shangazi bado yupo, analala chumba chako. Mimi nakula, nalala, naamka. Sijalia. Shangazi ananichungulia mlangoni kama mtu aliyebandika maji jikoni anangoja yachemke. Hayachemki. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Siku ile ulipopiga simu ukaniuliza ilikuwaje, nilisema "tairi", nikampa Mama simu. Unanijua mdomo wangu mzito, ndiyo maana mkaniita Kimya. Shule yangu nayo unajua iliishia wapi, kwa hiyo penye makosa ruka.

Barua yako ya mwisho ilifika Baba yupo. Nilimsomea mimi. Ulisema wewe na shemeji mmenunua gari la kulala ndani, mzunguke nalo, ukauliza betri zinatunzwaje na upepo wa matairi unaangaliwaje. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu si ndiye alikuwa anaona aibu nikimshusha na hili gari mlangoni pa shule? Mwambie karibu kwenye chama!" Akasema atakujibu Jumapili. Jumapili tulimzika. Kwa hiyo nakujibu mimi.

Betri kwanza. Betri ya kuwashia gari na betri za nyumba msizichanganye, kila moja ina kazi yake. Zetu za nyuma ni mbili, ndizo zilikuwa zinazungusha mashine ya kusaga vioo, taa na feni. Kila baada ya siku chache fungua vifuniko, angalia kama maji yamefunika vile vibati vya ndani. Yakipungua ongeza maji ya betri yale ya dukani, siyo ya bomba. Ongeza ukimaliza kuchaji, siyo kabla. Ukijaza kabla, ikipata moto itatapika asidi. Ile suruali yangu ya kijivu ina matundu kwa sababu hiyo. Ila ukikuta vibati viko wazi, vifunike kidogo tu, halafu ndiyo uchaji.

Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe, chomoa waya wa hasi kwanza, vioshe kwa maji ya moto na magadi, futa, paka grisi. Shemeji asiwashe sigara hapo karibu. Na msisubiri taa zififie ndiyo mchaji. Kipimo kikishuka hadi volti kumi na mbili nukta mbili, hiyo imeshafika nusu, ichajini. Baba alikuwa anasema betri haipigi kelele ikiwa na njaa, inakufa na heshima zake. Ndiyo maana nakuja hapa kila asubuhi tangu mazishi. Fundi bodi aliniuliza jana, "Kijana, gari haliendi popote, unamchajia nani?" Nikamwambia basi tu.

Sasa matairi. Hapa naomba usome taratibu.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anapima mwenyewe. Tangu mwaka jana aliniachia mimi. Mbali alikuwa anaona hadi ndege juu ya nguzo, lakini karibu mpaka miwani, na akiinama miwani inamdondoka. Aliikanyaga mara mbili. Ya pili akaniangalia akasema, "Fundi miwani anakanyaga miwani yake mwenyewe, wateja wakisikia tutakula nini sisi?" Akanipa geji, kile kipimo cha upepo, na kipande cha chaki. Utaratibu ukawa huo. Mimi napima, naandika namba kwenye tairi kwa chaki. Yeye anazunguka, anasoma chaki, anapiga tairi kofi moja, anapanda. Hakuwahi kurudia kupima nyuma yangu. Hata siku moja. Wateja alikuwa anawaambia, "Huyu hasemi, lakini chaki yake haidanganyi."

Namba yetu ya upepo ni sitini na tano. Aliniambia nipime alfajiri, kabla gari halijatembea. Nikadhani ni kupenda kwake kuamka mapema. Kwa nini alfajiri, sikuuliza. Naona haya kuuliza, unajua.

Alhamisi ile tulitembea juani kwa muda wa saa tatu, tukasimama penye soko. Nilishika tairi la mbele, linaunguza. Nikaweka geji, sabini na tano. Nikaogopa, kumi zimezidi. Baba alikuwa ndani anampima macho mzee mmoja mbishi. Baba anamwambia, "Soma mstari wa tatu," mzee anajibu, "Nisome nini wakati umeandika vibaya?" Watu wanacheka. Sikutaka kuingia mbele ya watu. Nikatoa upepo matairi yote mawili ya mbele mpaka sitini na tano. Nikaandika kwa chaki. Nilijiona nimefanya jambo la akili.

Ijumaa alfajiri sikupima. Nilikuwa kwenye betri, na namba ya jana ilikuwa bado inasomeka. Jumamosi hivyo hivyo, niliipitishia chaki tu juu yake ing'ae. Baba akazunguka, akasoma, akapiga kofi, akapanda.

Lilipasuka la kushoto. Mlio mmoja, kama mtu amepiga meza. Gari likavuta upande likaenda kwenye ukuta wa daraja dogo. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kasha la miwani. Miwani arobaini na moja, haikuvunjika hata moja. Nilizihesabu. Sijui kwa nini nilizihesabu kwanza.

Sasa kuna fundi matairi, yule mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Ndiye alituuzia tairi lile, wiki mbili kabla. Mama anasema alimuuzia Baba tairi chakavu lililopakwa rangi nyeusi. Si kweli, nilikuwepo, lilikuwa jipya na karatasi yake. Lakini trafiki wamechukua kompresa yake na kibanda kimefungwa. Ana watoto watatu, anashinda amekaa kwenye ndoo mbele ya kufuli.

Siku ya nne baada ya mazishi alikuja hapa uani kuliangalia tairi. Hakuja kwa ugomvi. Akaligeuza, akanionyesha ubavuni palivyosagika. Akasema, "Mdogo wangu, upepo ukipata moto unapanda wenyewe. Ukiutoa hapo, ukipoa unakuta hamsini na kitu. Tairi linatembea limejikunja, linajipika lenyewe kwa ndani." Halafu akaniuliza, "Kuna mtu aliyatoa upepo jua kali?" Nikaangalia chini. Akadhani sijui. Akasema, "Haya, Mungu anajua," akarudi kwenye ndoo yake.

Ndipo nilipojua kwa nini alfajiri.

Jumatatu nilitaka kumwambia Mama. Nilifika mpaka mlango wa jiko. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Afadhali nina wewe. Umetoka kama baba yako, kitu ukikishika hukikosei." Nikachukua kikombe nikakiosha. Kilikuwa kisafi.

Leo saa mbili Mama na Shangazi wanakwenda kituo cha polisi. Mama anatia sahihi kwenye malalamiko, akishamaliza, jalada linakwenda mahakamani, na yule fundi matairi anawekwa ndani. Jana Shangazi aliniuliza kama nami nitakwenda. Nikasema nina kazi ya betri.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lako. Pimeni asubuhi, gari limepoa, halijatembea. Namba yenu siyo lazima iwe kama yetu, itafute kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mkikuta imepanda mchana msiiguse, iacheni ipoe. Na wewe, Dada, hata ukikuta shemeji ameshaandika kwa chaki, rudia kupima. Asinune.

Msalimie shemeji, umbusu mpwa wangu pande zote mbili. Mama na Shangazi wanakusalimu, ingawa hawajui kama naandika. Ukipiga simu ongea na Mama kwanza, usiniombe mimi. Atakuwa anakuhitaji kuliko siku ile nyingine. Mungu awafungulie njia, kila mnakolala muamke.

Ningeandika zaidi lakini saa moja na nusu imeshapita, na kwa miguu mpaka kituoni ni dakika ishirini. Lazima niondoke sasa, nifike kabla Mama hajashika kalamu. Geji nimeiweka mfukoni, na chaki. Barua hii naiposti njiani kabla sijafika, nisije nikarudi nayo. Betri ya pili nimeiacha wazi, nimemwambia fundi bodi kama sijarudi leo aniwekee maji, yale ya dukani.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Kimya