Mwaka Ulioitwa Nyundo

Mpumudde, Jinja
Jumapili, Juni 1996

Kwako Baba mpendwa,

Nakupigia saluti kwanza, maana najua barua isiyoanza na saluti unaiweka chini ya mto mpaka jioni. Miguu yako inaendeleaje? Mama ameniandikia kwamba imevimba tena, viatu vya kanisani havivaliki, na kwamba vidonge vyako umeviacha kwenye kopo huvigusi. Na mgongo wake yeye je? Mvua imewaachia maharagwe yoyote huko Malukhu? Mimi ni mzima wa mwili. Lindo la gerezani ni lile lile, posho ni ile ile, na mkuu wangu bado anaita jina langu kama mtu anayefukuza kuku.

Barua yako nililetewa na dereva wa basi, nikaisoma nikiwa nimesimama getini na bunduki begani. Unauliza jambo moja tu. Unasema kabla ngoma za imbalu, tohara yetu, hazijaanza mwezi wa nane, wazee watakaa waliondoe jina la Nyundo kwenye mwaka ule wa tohara. Unataka kusimama mbele yao useme kwamba vile vidonge vilikuwa vyako na kwamba ulimpa kwa mkono wako, ili jina la mwanao libaki. Unauliza mimi naonaje. Baba, usiende. Nitakueleza kwa nini, nawe univumilie, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutoa taarifa yote bila kuruka kitu.

Unakumbuka ndugu yangu alivyorudi na mkanda wa Afrika kiunoni, akashukia stendi ya Mbale akiwa amevaa suti ya kuazima. Vijana waliokuwa wanajiandaa kwa kisu walimzunguka na njuga zao mapajani, wakacheza naye mpaka nyumbani. Miaka mingine kwetu imeitwa kwa njaa, kwa nzige, kwa vita. Mwaka ule wazee waliuita Nyundo, jina lake la ulingoni, jina la mtoto wa sajini wa magereza. Wewe ulitembea wiki nzima juani umevaa lile koti lako la baridi lenye vifungo vya shaba. Kuloba wetu, kitinda mimba, alikatwa mwaka huo, akasimama hata kope haikucheza, akawa wa Nyundo mara mbili, kwa damu na kwa mwaka.

Na ngumi ile, Baba, ilikuwa safi. Hakuna anayejua hivyo kuliko mimi, kwa kuwa ni mimi niliyempikia. Alikimbia kwenye njia za mashamba ya miwa akiwa amejifunga karatasi za nailoni chini ya sweta, akarudi anatiririka jasho, akakaa siku mbili anatema mate kwenye kopo mpaka mizani ikamkubali. Sasa wanasema hata ile ilikuwa ya dawa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kosa lilitokea mwaka jana, lakini limerudi nyuma likachafua kila kitu, mpaka zile ngumi za utotoni alizopiga uwanja wa gereza wakiangalia wafungwa.

Jinsi kosa lenyewe lilivyotokea unajua, lakini nitaandika, kwa sababu naona katika barua yako umejihukumu peke yako. Mwili wake ulikuwa umeshazoea uzito mwingine. Kilo mbili za mwisho zilikataa kutoka. Akaja nami Malukhu kuwaaga kabla ya safari ya kwenda kuutetea mkanda nje, akakuona asubuhi unameza kidonge chako cha maji, kisha unakwenda chooni na kurudi mpaka saa sita, na uvimbe wa miguu unashuka. Akauliza habari yake. Wewe ukammwagia nusu ya kopo kiganjani ukasema, "Chukua, kijana. Hii inatoa maji yote. Mimi mzee, maji yangu itangoja." Tulicheka wote. Mama alicheka mpaka akaketi.

Nani kati yetu angeogopa? Kwetu dawa mbaya ya mpiganaji ni ya kuongeza nguvu, ya kumfanya mtu asisikie maumivu. Dawa ya hospitali, ya mzee mwenye miguu, ya kukojoa tu, nani angeificha? Alikwenda nayo mfukoni mwa shati. Kumbe huko walikopigana mkojo wa mshindi unapimwa, na kidonge cha maji nacho kimekatazwa, kwa kuwa wengine hukitumia kuosha dawa nyingine mwilini. Walipomnyang'anya mkanda hakuwa hata amejua ni kwa sababu gani.

Sasa nikupe nisichowahi kukuandikia. Alipoitwa Kampala mbele ya wakubwa wa ngumi, nilikwenda naye, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mkubwa wao alimuuliza bila ukali.

"Hii dawa nani alikupa?"

"Nilinunua, afande."

"Wapi?"

"Sokoni."

"Kwa mtu gani?"

"Sijui yeye."

Yule mkubwa akavua miwani. "Sikiliza, Nyundo. Kama iko ya mtu mgonjwa, wewe leta karatasi ya daktari yake, sisi tutapunguza adhabu. Sema ukweli tu."

Nilitaka kusimama, Baba. Niliinuka hata, na Nyundo akageuka akaniangalia mara moja, nikakaa. Akawaambia tena kwamba alinunua sokoni. Wakamfungia kupigana maisha yake yote. Tulipotoka nilimtukana njiani mpaka watu wakageuka, nikamwambia yeye ni mjinga, angetaja ukweli angerudi ulingoni siku moja. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Baba ni sajini. Jina yake haiwezi kuwekwa kwa meza ile."

Kwa hiyo alichopata kwa kunyamaza ni jina lako. Hakupata kingine. Timu ya magereza aliyoipigania ilimtoa, kazi ikafuata, na nyumba ya kambini nayo ikafuata kazi. Ukisimama mbele ya wazee sasa useme ni wewe, utakuwa umekitupa kitu pekee alichobakiwa nacho. Nao watafanya nini? Watasema sajini anamkinga mtoto. Au wataamini, na itakuwa mbaya zaidi, maana unawajua vijana wa imbalu na nyimbo zao. Watatunga wimbo wa baba aliyempa mwana dawa, nao utaimbwa kupita mlangoni kwako, Mama akiwa anachambua maharagwe.

Kuna sababu nyingine, na hii nimeichelewesha kwa makusudi. Unajua Nyundo sasa anabeba magunia kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Bugembe, na kwamba Kuloba alipokuja kutafuta kazi alimwingiza pale pale. Wiki iliyopita nilikuwa na mapumziko, nikawapelekea chakula. Wabeba mizigo wengi pale ni watu wetu wa milimani, lakini hawamjui. Amekonda, amefuga ndevu, wanamwita Mzee tu. Nyundo wanayemjua ni yule wa picha za ukutani.

Walipokaa kula wakaanza kuulizana miaka, kama wanaume wetu wanavyofanya kila wakikutana, ili ijulikane nani mkubwa na nani ataosha wengine mikono. Nyundo akataja mwaka wake, akapewa kiti. Zamu ikamfikia Kuloba, mgeni kazini. Kabla hajafungua kinywa, mmoja akasema kwa utani, "Kama wewe ya Nyundo, kaa mbali. Ile watu walisimama kwa dawa." Wakacheka. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa mtu aliyesimama mbele ya kisu na macho makavu, nawe unajua hivyo.

Kuloba akasema, "Mimi hapana ya Nyundo. Mimi ya ule mwaka ingine, ya nyuma yake."

Mwanao, Baba. Alijishusha akawa mdogo. Palikuwa na vijana wawili wa mwaka huo alioutaja, ambao kwa haki ndio wangemwosha yeye mikono. Lakini kwa kuwa alisema ni mwenzao na ndiye mgeni, aliambiwa ashike birika. Akazunguka akiwamiminia maji mmoja mmoja. Akafika kwa kaka yake. Nyundo hakumwangalia usoni. Alinyoosha mikono yake, ile mikono, Kuloba akamimina, naye akanawa polepole, akasema, "Asante, kijana."

Mimi nilijifanya napakua chakula. Nilirudi Mpumudde kwa miguu, boda boda zikinipita, kwa sababu sikutaka mtu aniulize kitu.

Kwa hiyo unaona. Jina unalotaka kulitetea mbele ya wazee limeshakataliwa ndani ya nyumba yako, na aliyelikataa simlaumu. Atafanya nini, apigane na kila mbeba gunia wa Uganda? Waache wazee walitoe. Wasipolitoa, litabaki kuwa la dhihaka tu, na vijana wote wa mwaka ule watazeeka wakidanganya umri wao. Nimetafuta njia nyingine, Baba, nimeitafuta kila zamu ya lindo, na sijaiona. Sioni kama ipo. Unisamehe kwa kukuandikia hivi, lakini kukupa tumaini nisilokuwa nalo ingekuwa ni kukuchezea.

Nilimsomea Nyundo barua yako. Alisikiliza akiwa anakunja gunia tupu, akalikunja na kulikunjua. Mwisho akasema maneno haya, nami nayaandika alivyoyasema: "Mwambie Baba ameze dawa yake. Ile haina kosa. Na hii jina, wazee wachukue. Mbele ya kuanza ngumi mimi nilikuwa naitwa Magombe." Amekununulia kopo jipya, dereva atakuletea pamoja na barua hii. Meza mbele ya Mama, ili aniandikie kwamba ameona.

Barua nzima nimemwita Nyundo, mkono umezoea. Nawe najua ulimi wako umezoea. Itatubidi tujifunze.

Msalimie Mama, na shangazi anayekukandia miguu, na katekista jirani yetu anayekusomea barua zangu miwani yako inapopotea. Mwambie hii asimsomee mtu mwingine. Kuloba anawasalimu. Hajui kwamba nimeandika habari ya birika, msimuulize.

Magombe anakusalimu, Baba.

Ni mimi binti yako,
Nambozo