Ndirangu, Hapa Si Nyumba ya Mama

Mwanangu Ndirangu, wewe ninayekuita Baba,

Kalamu ni ya Mwalimu Nekesa, maneno ni yangu. Unajua mimi darasa sikuliona hata kwa dirisha. Nimemkataza kupamba. Barua hii itabandikwa kwa lango la ukumbi wa kanisa hapa Nyeri, ili yeyote anayejua unakolala akusomee. Watu wote wasome, sijali. Aibu yangu niliimaliza mwaka jana.

Baridi ya Julai imefika. Huko kwetu Tetu ukungu unakalia majani chai hadi saa tano, na mimi nikiuona nafikiria mikono yako. Tangu utoto mikono yako ilikuwa ya kufa ganzi. Unakumbuka viazi? Nilikuwa nafukia viwili kwa majivu, nakuwekea kimoja kila mfuko wa kaptura, unaenda shule umevishika. Saa nne unavila. Siku moja ukarudi unalia, ati mwalimu amekunyang'anya kimoja akakila. Nikaenda huko na matope yangu ya shamba, nikamwambia, "Mwalimu, umekula glavu za mtoto wangu." Ulicheka njia nzima.

Sasa niseme lile.

Mwaka jana, Julai kama hii, ulikuja nyumbani jioni umelowa. Nyumba yako ya ujana ilikuwa imebaki nguzo, mabati uling'oa mwenyewe, ukayauza, ukayanywa. Ukasimama kwa mlango wangu ukasema, "Mama, niache nilale hapa karibu na moto. Leo tu." Nami nikakuambia mwanaume aliyetahiriwa halali kwa nyumba ya mama yake. Nikasema, majirani wataniona mimi mtu wa aina gani? Nikasema, "Nenda ujenge."

Nenda ujenge! Na mvua ile. Kujenga na nini, na vidole?

Nilifuata desturi, hakuna aliyenilaumu. Wazee walisema nimefanya vizuri. Lakini wewe ni mwanangu wa pili, una jina la baba yangu mzazi, na ndiyo maana nakuita Baba. Mtu aliyesimama hapo kwa mvua nilimfukuza mara mbili, mtoto na baba kwa mdomo mmoja. Ukasema, "Sawa, Mama." Ukatoka, ukafunga lango polepole, ukaweka na kamba, ili ng'ombe asitoke. Hilo lango ndilo linaniua. Ungelibamiza, ningepona.

Nilikutafuta. Sokoni, stendi, hadi Naro Moru niliposikia unabebea wapanda mlima mizigo. Nikaambiwa umesharudi Nyeri.

Basi miezi hii ya baridi kanisa limefungua ukumbi kwa wasio na pa kulala. Watu wamejitokeza, lazima niseme. Tetu inaleta viazi na maziwa. Akina mama wa mitumba wameleta blanketi. Kuna polisi mmoja, mtu wa Kisii, anapitisha kuni akitoka kazini na hataki hata kushukuriwa. Mimi napika uji, natandika magodoro. Mwanaume mzima na ndevu zake ananiambia, "Asante, Cucu," kama mjukuu kwa nyanya yake, nami namfunika blanketi hadi kwa shingo. Nimefunika watoto wa watu wote. Wangu simwoni.

Jumanne nilivutwa kando ya sufuria na Kamau, yule mliyebeba mizigo naye Naro Moru. Sasa analala hapa na kutusaidia kupasua kuni.

"Cucu, nikuambie kitu na usinipige?"

"Sema kwanza, nitaamua."

"Ndirangu amekuja mara tatu. Anafika hapo kwa lango, anaona hicho kitambaa chako chekundu cha kichwa, anarudi. Anasema yeye hawezi kulala kwa nyumba ya mama yake."

"Kwani hii ni nyumba yangu?"

"Anasema mahali uko ndio nyumba yako."

Sikumpiga. Nilikaa juu ya gunia la viazi nikalia kama mtu amefiwa. Mwalimu ananiambia, "Cucu, hilo la kulia tuliache." Andika, Mwalimu!

Baba, mimi sijui la kufanya. Nilipokuwa na moto mmoja na wewe mlangoni, sikukuingiza. Leo niko na ukumbi mzima, na bado siwezi kukuingiza. Nikikutafuta, unahama. Nikikungojea, ndio mimi ninayekuzuia. Kitu kimoja tu kimebaki kwa mikono yangu, nacho ni kuondoka.

Kuanzia kesho siji hapa tena. Kamau atakoroga uji, atauunguza, mtakunywa hivyo hivyo. Mimi nitakaa Tetu niangalie moto wangu na hiyo nafasi iliyo kando yake, na sitajua kama umeingia au hukuingia. Nimemwambia Kamau asiniletee habari, maana nikisikia uko hapo, miguu hii nitaizuia na nini?

Kuna godoro kwa ukuta wa upande wa jikoni. Ukuta huo unashika joto hadi asubuhi. Nimekataza mtu kulilalia. Hata ukiwa umelewa, ingia. Usitafute maneno ya kuniambia. Mimi yangu sijayapata.

Hapa si nyumba ya mama. Mama hayuko.

Kwa majivu ya jiko nimefukia viazi viwili, na Kamau atafukia vingine kila jioni. Kimoja kila mfuko.

Ni mimi mama yako, mtoto wa yule unayebeba jina lake.