Nimeacha Chai, Jasho Halijaniacha

Jumamosi, 3 Februari 1996
Joto! Si la jua — la ndani. Leo sokoni Gikomba nikifungua beli ya masweta ya mitumba, uso ukawaka, jasho mpaka kifuani. Mteja akauliza kama nina malaria. Malaria gani! Nesi amesema ni hedhi inakoma tu, umri umefika. Nipunguze chai na pilipili, nivae pamba, nitembee jioni. Mimi, chai!

Jumanne, 6 Februari
Chai nimeacha kabisa. Kichwa kinagonga. Natembea kutoka hapa mtaa wa Fedha mpaka mtaa wa Kware na kurudi, magoti yanalia. Nikiamka, shuka limelowa chapa. Nabwire, mwenzangu wa kibanda, ati nizoee, naye yalimpata yakapita. Nikamfokea bure. Siku hizi namfokea kila mtu.

Jumapili, 11 Februari
Maingi ameniona nikisukuma kando kikombe cha chai. Mume wangu huyu, asiyecheka — ametabasamu! Akauliza mwezi wangu niliuona lini mwisho. Nikasema, kitambo. Basi! Akaninyang'anya ndoo ya maji, ati nisibebe. Anadhani nina mimba. Ningesema pale pale. Nikamwachia ndoo. Ni miaka mingi hajaniangalia hivyo.

Ijumaa, 16 Februari
Natembea, nakula maharagwe yasiyo na pilipili, na bado nawaka. Nabwire ananisukuma: mwambie leo, kesho itakuwa mbaya zaidi. Najua! Lakini Maingi ameshapeleka habari Machakos kwa mamake. Sisi Wakamba kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na nyanyake humwita mtoto huyo “mume wangu”. Marehemu baba mkwe alikuwa Nzivo. Mimi nimezaa wasichana watupu, Mwongeli na wadogo zake. Sasa imekwisha. Hakuna chai nitakayoacha inirudishie hilo. Nimechoka, Mungu wangu.

Jumamosi, 17 Februari
Mama mkwe amefika, na kuku na kibuyu cha uji. Nikaanza: Mama, kuna neno. Akasema, keti kwanza, Mama Mwongeli, usisimame sana. Akaniwekea mkono tumboni, akainama — ati, mume wangu, umekawia, nimezeeka nikikungoja. Maingi mlangoni anafuta macho. Nikawaka mwili mzima, jasho likanitoka. Mama akafurahi, ati huyo ni kijana, ana nguvu!

Nimejifungia chumbani. Nitoke niseme nini? Nawasikia wakicheka. Maingi anabisha mlango, ati Mama anamimina uji, anauliza, mumewe ataletewa huku au atakuja mezani?